Miguu Yetu Chini ya Matangazo

Tangu utotoni nina ugomvi na watu wa kamera, na sioni dalili kwamba utaisha kabla yangu.

Ulianzia nyumbani kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenitoa kijijini Mpala nilipokuwa na miaka tisa ili nisome hapa Kalemie. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, na sebule yao ndiyo pekee katika barabara yetu iliyokuwa na televisheni na deki ya kanda. Jumamosi mchana watoto tulikaa sakafuni tumebanana kutazama filamu za Kihindi. Wenzangu walingoja ngumi. Mimi nilingoja nyimbo, na ndani ya nyimbo nilingoja miguu.

Uso hauna kazi kubwa katika ngoma. Uso unaweza kucheka huku mwenye nao hajui anachofanya, miguu haiwezi. Binti wa filamu alitokea na njuga kwenye vifundo, akapiga kisigino mara moja, mara mbili, mimi nikasogea mbele, na papo hapo kamera ikapanda juu: jicho, mdomo, ua, mlima wenye ukungu. Ilipokumbuka kushuka, miguu ilikuwa imeshamaliza maneno yake. Nilikasirika hadi nikawa nalala kifudifudi, shavu sakafuni, nikichungulia chini ya ukingo wa kioo.

"Unatafuta nini uko chini?" mama mkubwa aliniuliza siku moja.

"Miguu yake."

"Miguu iko mu filme, haiko chini ya meza. Kaa muzuri."

Watoto walicheka, na mpaka leo binamu zangu, watu wazima wenye wajukuu, wakikuta televisheni inaonyesha ngoma huniuliza kama nimeshaangalia chini ya meza.

Miguu niliijua kwa sababu nilifundishwa. Kabla sijahamia mjini, mama alinipa hatua moja ya bibi zake, ambayo wanawake wa ukoo wao waliipiga wakitoka kumpokea mgeni au bibi arusi. Kisigino kinagonga mara mbili, vidole vinaburuta mchanga vikiacha mstari, halafu mguu wa pili unakuja kuufuta ule mstari. Kuisema ni rahisi. Kuicheza unatakiwa kiwiliwili kitulie kabisa kana kwamba umebeba ndoo kichwani, na kazi yote ifanyike chini ya goti. Mama alinisimamisha uani mbele yake, uso kwa uso, tukashikana mikono, tukarudia jioni baada ya jioni, mpaka tukawa tunakwenda upande mmoja kama mtu anayejitazama majini. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa nikakunjika.

Nikakua, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaingia korale, kwaya ya paroki. Miaka mitatu iliyopita korale yetu ikaamua kutoa klipu. Hapa kwetu korale inayojiheshimu lazima iwe na klipu. Wimbo unarekodiwa kwanza studio, halafu waimbaji wanavaa sare na kwenda ufukweni kufungua midomo mbele ya kamera, ziwa likiwa nyuma yao, maana ziwa halina kodi. Nikapendekeza wimbo wetu wa shukrani uchezwe kwa hatua ya bibi zangu. Wakakubali. Kwa miezi miwili, baada ya masomo, niliwafundisha wanawake tisa ndani ya darasa langu, mimi mbele, mgongo ukiwaelekea, kama ninavyowafundisha watoto kuandika herufi hewani. Wengine walikuwa na magoti mabovu, mmoja alikuwa na mimba, lakini walijifunza.

Kijana wa kamera alitoka Lubumbashi. Alikuwa na miwani ya jua na maneno mengi. Tulicheza mchangani tangu asubuhi, na kila nilipomtazama, nilikuta amenyanyua kamera kwenye nyuso, au mbaya zaidi, kwenye mashua iliyokuwa ikipita zake. Nilisimamisha wimbo mara tatu.

"Papa, na miguu?"

"Mama, watu wanaangaliaka sura. Miguu kila mutu iko nayo."

Nikamwambia kama ni hivyo, sura pia kila mtu anayo. Tulibishana hadi wenzangu wakaketi chini. Mwishowe, kwa kutaka amani, akakubali picha moja ya miguu yangu peke yake, kubwa, ijae kioo kizima. Akapiga magoti, akatazama, akainua kichwa. Alikuwa ameliona kovu langu. Liko juu ya mguu wa kushoto, nene, limepinda. Nilichomwa na ndoano nikiwa na miaka mitano, nikikimbia kati ya nyavu kule Mpala, na mama mwenyewe ndiye aliyeichomoa. Kijana akasema afadhali tuchukue miguu ya yule mama mwingine, iliyo safi. Nikamwambia hatua ni ya kwetu na miguu itakuwa ya kwetu. Akarekodi.

Wakati ule ule mama mmoja mzee alikuwa anapita na beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani. Akasimama, akatutazama chini, si usoni.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

Tulicheka sana. Tulidhani ni kwa sababu ya vikwembe vyetu, vitenge vya sare vya zambarau. "Hakuna mutu alikufa, Mama. Tunatosha klipu." Kutosha kwetu ni kutoa. Akatazama miguu yetu tena, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kwa wiki nzima korale iliulizana kwa utani nani amekufa.

Kisha klipu ikapita kwenye televisheni. Kituo chenyewe sikitaji, ni kimoja kati ya vile vidogo vya hapa, na kinaendesha maisha yake kwa matangazo. Matangazo hayo hayasomwi na mtu. Yanapita chini ya kioo kwenye utepe mwekundu ambao sisi tunauita bande: fulani ametutoka, kilio kiko barabara fulani, kadi ya uchaguzi imeokotwa, familia fulani inakutana Jumapili. Utepe wenyewe ni mpana ajabu, nadhani ili wazee wasome bila kuhangaika. Unaanzia magotini mwa mtu aliyesimama na kushuka mpaka mwisho wa kioo.

Nilikaa na jirani zangu kutazama, nimevaa vizuri kana kwamba mimi ndiye ninayetazamwa. Sura zetu zikapita. Ziwa likapita. Mashua ikapita. Sisi tulionekana wanawake kumi waliosimama kwenye maji mekundu, wakitikisika kidogo bila sababu. Ikafika ile picha yangu, ile niliyoigombea, na nikaona vifundo viwili na pindo la kikwembe. Mahali pa kisigino palikuwa na mzee wa Kabimba aliyefariki baada ya kuugua muda mrefu. Nikainama. Naapa niliinama, mimi mwanamke mzima, mwalimu, nikachungulia chini ya ukingo wa kioo.

Hayo yangekuwa ya kucheka kama yangeishia pale. Lakini wimbo wetu ni wa taratibu, na mzee wa kituo anayepanga vipindi akauona unafaa vifo. Akaufanya ndio wimbo wa matangazo ya jioni. Kila siku yenye maiti, mimi natokea. Watu wakiiona sura yangu wananyamaza na kusogeza viti ili wasome. Mzazi wa mwanafunzi wangu alinisalimia sokoni: "Mama Mwalimu, jana nilikuona. Shemeji yangu alikufa." Mwingine tulikutana kwenye kona ghafla, akashika kifua. Ngoma ya kumpokea mgeni nimeigeuza kengele ya msiba, na sikuulizwa.

Mwaka jana kaka yangu alimleta mama kwa boti kutoka Mpala. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa, na la pili linaona tu kitu kikubwa kilicho karibu. Muuguzi aliyempima hapa alituambia ukweli kwamba hilo nalo halitakawia. Kanisani, mama alikuwa anaona mwanga na rangi za vikwembe, basi. Lakini televisheni aliiweza. Alikaa kwenye kigoda, pua karibu iguse kioo, na kitu kikiwa kikubwa alikiona. Habari kwamba nimeipeleka hatua ya kina bibi kwenye televisheni ilikuwa imemfikia zamani, na alikuwa nayo safari nzima.

"Nataka kuona kutembea kwa mama yangu," aliniambia siku ya kwanza, kabla ya kunywa maji. "Mbele ya jicho kufunga."

Jioni akaketi kwenye kigoda chake. Wimbo ukaanza, sebule ikanyamaza, watu wakasoma.

"Miguu iko wapi?" mama akauliza.

"Imefunikwa, Mama."

"Na nini?"

"Na wafu."

 Alibaki pale mpaka wimbo ukaisha, na kesho yake akaketi tena, na kesho kutwa.

Utasema, si ungemwonyesha mwenyewe? Nilijaribu. Nilicheza mbele yake, akaona wingu linalosogea. Akainama, mgongo ukamkamata. Nikapanda juu ya meza ili miguu ifike usawa wa jicho lake, lakini meza yetu haitoshi hata hatua moja na nusu, ikaanza kulia. "Shuka," akasema, "nisije nikaona meza inavunjika, na njo kitu cha mwisho nitaona." Utasema, si ungeitafuta klipu yenyewe? Ilikuwa mahali pawili tu, kwa mama prezida wa korale na pale kituoni, na mama prezida alikuwa ameapa kwamba hakuna kopi itakayotoka mpaka siku ya uzinduzi rasmi. Uzinduzi unamngoja mfadhili. Mfadhili tunamngoja mpaka leo. Zile zilizosambaa kwenye simu, watu walizirekodi kwa kuelekeza simu kwenye televisheni, pamoja na wafu wao.

Nikaenda kituoni. Yule mzee anayepanga vipindi alinipokea kwa heshima, akaniwekea kiti.

"Mama Mwalimu, ile bande njo inalishaka grupe." Alikuwa anaonyesha jenereta uani. "Siku bande itakosa, hata sura yako hawataiona."

Nikarudi na wazo: bande ipandishwe juu. Akasema yeye hana neno, ila korale ikubali. Nikaipeleka kwenye mkutano wa korale. Mama prezida akanitazama kama mtu aliyeomba tuuze kengele ya kanisa.

"Juu kuko sura zetu," akasema. "Tufunike sura za watu kumi sababu ya miguu yako?"

Wakapiga kura. Mkono pekee ulioinuka upande wangu ulikuwa wangu. Hata wale tisa niliowafundisha, hata yule wa mimba ambaye nilimbebea mtoto siku ya ubatizo, walitazama dari. Nilirudi nyumbani nikapika ugali mgumu kama tofali na nikawalisha watu bila kuomba radhi.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kujigonga ukutani akitafuta mlango. Akawa ananyoosha mkono mbele kabla ya kikombe. Kila jioni alisogeza kigoda, na kila jioni kilikuwa karibu zaidi na kioo kuliko jana yake. Mimi nilikuwa nimechoka roho. Niliichukia bande, nikamchukia kijana wa Lubumbashi, na, Mungu anisamehe, niliwachukia hata marehemu, wanaokufa kila siku bila kumpumzisha mtu.

Niliporudi kituoni sikwenda kuomba. Nilisimama mbele ya yule mzee nikamsemesha kama nisemavyo na darasa la sita. Nikamwambia juu ya jicho. Nikamwambia juu ya kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini hukusema tangu mbele kama ni mambo ya mama?" akauliza. "Bande tunaongezaka mwisho, saa ya kutuma. Mu mashine klipu iko safi. Kutosha kopi siwezi, prezida wenu alikataza. Lakini kuangalia hapa, nani alikataza? Umulete."

Miaka miwili. Miguu yangu ilikuwa imekaa ndani ya mashine ile, wazi kabisa, hatua kumi kutoka kiti nilichokuwa nikikalia kulalamika. Sikujua nicheke au nimpige mtu.

Siku iliyofuata nilimpeleka mama kwa pikipiki, amenishika kiuno, amevaa kikwembe chake cha Pasaka. Mzee wa kituo alisogeza kiti mpaka kwenye kioo cha mashine, kikubwa kuliko cha kwetu. Akawasha. Sura zikapita, mama hakuzijali. Kisha miguu yangu ikajaa kioo, chini hapakuwa na mtu aliyefariki, na mchanga ulionekana chembe kwa chembe. Kisigino, kisigino, vidole. Nililia kidogo, nikageuka ili wasinione. Nilingoja mama aseme neno. Nilikuwa nimelingoja tangu nikiwa na miaka tisa.

"Rudisha," mama akasema.

Mzee akarudisha. Mama akatazama. "Rudisha tena." Mara ya tatu aliinua kidole akakiweka juu ya kioo, juu ya kovu langu.

"Huu njo mguu wa ndoano."

"Ndiyo, Mama."

"Na njo unatangulia."

"Ndiyo."

Akaegemea kiti, akakunja mikono. "Mutoto wangu, wa kushoto ukitangulia ni kusindikiza maiti. Kupokea mugeni ni wa kuume."

Maneno yalinitoka mengi, na yote yalikuwa mabaya. Nilimwambia ni yeye aliyenifundisha. Nilimwambia nimegombana na mji mzima kwa ajili ya mguu huo. Sauti yangu ilipanda, na mzee wa kituo akatazama vitufe vyake. Mama aliniacha nimalize. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, kama anayemshika mtoto, na miguu yake ikagonga sakafu polepole. Wa kuume, mara mbili. Mbele ya mguu huo, kama mtoto angekuwa amesimama pale, ungekuwapo mguu wake wa kushoto.

"Nilikusimamisha mbele yangu," akasema. "Niliona tunaenda pamoja, nikafurahi. Ya maiti watoto hawafundishwi, njo maana hukujua. Ni mimi nilikosa."

Nikamkumbuka yule mama wa ndagala. Hakuwa ametazama vikwembe vyetu hata kidogo.

Mzee wa kituo alikohoa. "Sasa, Mama, niitoshe? Nitafute wimbo ingine ya matangazo?"

"Usiitoshe," mama akamjibu. "Kwa wafu iko sawa. Wanasindikizwa muzuri."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira bado, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwangukia. Bande ilikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyeleta ngoma ya kilio na kutaka ipokewe kama ya arusi. Nilifika, nikavua viatu kwa kishindo, nikaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Mama akaniita. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, hana viatu.

"Kuja hapa. Pembeni yangu, si mbele."

Nikasimama upande wake wa kuume, tukielekea sote mlangoni. Miguu yangu hakuweza kuiona, kwa hiyo aliusogeza mguu wake mpaka ukagusana na wangu wa kushoto, ngozi kwa ngozi, na kidole gumba chake kikalitafuta kovu. Akaanza kuimba wimbo wa kumpokea mgeni. Miaka arobaini mguu ule umetangulia, na ulitangulia tena kabla sijaufikiria. Akaukanyaga.

Jicho lilifunga kabla ya Krismasi. Bado tunasimama jioni, wakati wengine wanasoma waliokufa, na mguu wa ndoano ukijisahau ukatangulia, anaukanyaga.